Chini ya Kilo Mia

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, kabla ya chai, nilimpima mama yangu. Mizani tuliiweka karibu na mlango, mahali pekee ambapo sakafu ya chumba changu hapa Amalemba, mjini Kakamega, iko sawa. Mama alivua sweta, akavua leso, akavua hata kitambaa cha kichwa, ingawa nilikuwa nimemwambia kitambaa hakina uzito wa maana. "Kila kitu kina uzito," alinijibu siku ya kwanza, na tangu hapo sikumbishia. Alipanda mguu mmoja baada ya mwingine, akinishika bega, macho yake ukutani. Namba hakuzitazama. Kusoma ilikuwa kazi yangu.

"Mia moja na tatu, nukta mbili," nikasema Jumanne hiyo.

"Jana ilikuwa ngapi?"

"Mia moja na tatu, nukta tisa."

"Basi inaenda," akasema, akautabasamia ukuta.

Nilikuwa bado nimeinama na daftari mkononi simu yangu ilipolia. Ilikuwa namba nisiyoijua.

"Huyu ni Mideva? Mtoto wa Rispa Kageha? Mimi ni Sista Muhonja wa wadi ya wanawake. Tumepata namba yako kwa faili, maana ya mama haishikwi. Kuna nafasi. Aje alazwe kesho asubuhi, Alhamisi afanyiwe upasuaji. Na safari hii asituambie kuna matanga."

"Matanga gani?"

"Dada, hii ni mara ya tatu tunampigia. Mara ya kwanza alisema ako na matanga Navakholo. Mara ya pili akasema ameenda Lugari kwa harusi. Daktari amesema asipokuja kesho, hii nafasi itaenda kwa mwingine, na hajui ingine itatoka lini."

Hakukuwa na matanga. Hakukuwa na harusi. Kwa muda wa wiki nane mama hakuwa ameenda mbali zaidi ya hospitali na kanisa lililo nyuma ya ploti yetu.

Simu yangu ni ya bei ya chini, na sauti yake huvuja kama paa bovu. Nilipoinua kichwa mama alikuwa bado juu ya mizani, mkono wake bado uko begani mwangu, na nilijua amesikia kila neno.

"Mwambie sijafika," akasema.

"Mama, lakini wanasema..."

"Daktari alisema chini ya kilo mia. Nimebakisha tatu na kitu. Mwambie anipe wiki mbili."

Mtu mwingine angeuliza hapo hapo. Dada yangu Mitchel angeuliza kwa sauti hata wapangaji wa upande wa pili wakasikia. Mimi nilimshukuru Sista, nikamwambia tutakuja, nikakata. Kisha nikamshika mama mkono ashuke, nikaandika namba kwenye daftari kana kwamba ndiyo habari kubwa ya asubuhi hiyo.

Mama ana miaka hamsini na tisa. Hedhi ilikuwa imemwacha miaka minane. Mwezi wa pili mwaka huu, huko nyumbani Navakholo, ikarudi, matone kwanza, halafu kama ya msichana. Alimwambia shangazi, dada ya marehemu baba, na shangazi akacheka mpaka akashika mbavu: mwili umenona hata umesahau umri wake, ujana umerudi na baba hayupo kuuona. Mama alicheka naye. Kisha akanyamaza miezi mitatu. Mimi nilijua siku nilipoenda kumtembelea nikakuta godoro limesimamishwa juani na mashuka matatu kwenye kamba, siku ambayo si ya kufua. Nikamwomba aje akae na mimi mjini. Vipimo vilipotoka, vilisema ni saratani ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba.

Daktari Jelagat alisema imegunduliwa mapema. Siku aliyotueleza, nilisikia nusu tu. Katikati ya maneno akanituma maabara nikachukue karatasi iliyosahaulika, na foleni ikanishika karibu saa nzima. Niliporudi mama alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, mkoba magotini.

"Anasema mwili ni mkubwa kwa kisu," akaniambia. "Nipunguze kwanza. Nikishuka chini ya kilo mia, atanifanya."

Nilimwamini. Nilisoma lishe miaka mitatu chuoni, na tulifundishwa jinsi mafuta mengi yanavyomtesa mgonjwa wa upasuaji: pumzi inakuwa nzito, damu inaganda miguuni, kidonda kinachelewa kufunga. Tena nilifurahi, ingawa naona haya kukiri hivyo. Mimi ni mtoto wa pili, yule asiyesikika. Mitchel ndiye aliyezungumza kwenye mazishi ya baba. Mimi nilipanga viti. Sasa kulikuwa na kitu kimoja ninachokijua mimi, na mama alikihitaji. Kazini Malava napima watoto wa chini ya miaka mitano. Nilinunua mizani, nikafungua daftari, nikaandika kilo mia moja na kumi na nane, nukta sita.

Nilimpikia mrenda na kunde. Obusuma, ugali wetu, nikaukata nusu. Kuku nikamwondoa ngozi. Sukari nikaificha kwenye debe la unga, akaipata, akanicheka, hakuigusa.

Shangazi alipokuja kutuona alibeba jogoo mzima chini ya kwapa. Alimtazama mama kuanzia kichwa mpaka miguu, kisha akanitazama mimi.

"Haya, daktari wa chakula. Hiyo shule yenu inafunzanga kunyima watu?"

"Shangazi, ni kwa sababu ya upasuaji."

"Hata ng'ombe wa kuchinjwa hulishwa kwanza." Akaketi, akamweka jogoo sakafuni. "Mama Mitchel, huko nyumbani wataniuliza umepungua kwa nini, niseme nini? Mtu akipungua kwetu, watu wanaanza kutaja magonjwa mpaka wanapata la kukutosha. Wewe ulikuwanga mama wa kuingia mlangoni na mlango unajua umeingiliwa."

"Mlango upumzike," mama akasema, na wote wawili wakacheka. Lakini shangazi alipoondoka alinishika mkono nje, hakuwa anacheka tena. "Chunga," akaniambia. "Huyo si mtu amepungua kwa diet. Mimi nimezika watu."

Nilikuwa nimeona kabla yake. Mwalimu wetu alisema nusu kilo kwa wiki, ikizidi sana kilo moja. Mama alikuwa anapoteza karibu mbili. Sahani ilirudi safi kila mara, lakini alikuwa na tabia mpya ya kula nyuma yangu, nikiwa nimeenda kuchota maji au kuoga. Siku moja nilipofungua ndoo ya taka nilikuta obusuma wa jana na wa juzi, umefungwa kwa gazeti vizuri kama zawadi. Niliufunga tena vile vile. Niliupeleka jalalani, nikarudi, nikamwambia mama mvua inakuja. Asubuhi yake nikampima, nikamsomea namba, akatabasamu.

Hiyo ndiyo habari yangu. Nilijua, nikaendelea kusoma namba.

Jumanne hiyo nilimwambia mama naenda kazini. Badala ya kwenda Malava nilienda hospitali. Nilisimama nje ya mlango wa Daktari Jelagat mpaka saa tano, nikipisha kila aliyesema ana haraka kuliko mimi, hadi yeye mwenyewe alipotoka kutafuta chai akaniona.

"Wewe si ni wa Rispa? Kwa nini hukubisha?"

Aliniingiza ndani, akanipa kiti. Nilimwambia mama anaomba wiki mbili zaidi afike chini ya kilo mia kama alivyoagizwa.

"Kama alivyoagizwa na nani?"

"Na wewe, daktari."

Akaweka kikombe chini. "Mideva, sikiliza. Mimi siwezi kumwambia mama mwenye saratani aende nyumbani apungue kwanza. Mwili wake una sehemu yake katika ugonjwa huu, hilo nilimwambia. Vifuko vya mayai vikishaacha kazi, mafuta ya mwilini huendelea kutengeneza ile homoni inayouambia ukuta wa mji ujengeke. Unajengeka miaka na miaka, na hakuna kitu cha kuuambia uache. Siku moja ujenzi unaharibika. Lakini wanawake wengi wenye mwili kama wake hupata ile aina ya polepole, na ile damu ndiyo kengele yao. Mtu akiisikia mapema, tukautoa mji wote, wengi wanapona. Hao wanapona hata kama hawajapungua kilo moja."

"Na mwili?"

"Mwili tutapambana nao baadaye, mimi na wewe, miaka mingi. Wengi wa hawa mama hawauawi na saratani, wanauawa na moyo, presha na sukari. Hiyo itakuwa kazi yako. Lakini upasuaji kwanza." Akavuta faili. "Sasa ona. Ijumaa tulimpima damu. Iko saba nukta tisa, na mwanamke anatakiwa kufika kumi na mbili. Inatoka, na nadhani hata chakula hali. Anakula?"

Nikainamia viatu vyangu, na nadhani alipata jibu lake.

"Ndiyo maana nimemsogeza mbele," akasema. "Tutamwongeza damu kwanza, halafu Alhamisi asubuhi."

"Daktari, hiyo kilo mia aliitoa wapi?"

Alifikiri, akasugua paji la uso kwa kalamu. "Aa. Alinitaka nimweleze atalazwaje usingizi. Nikamwambia hatutamlaza, tutamchoma sindano ya mgongo, sehemu ya chini ife ganzi. Mama wa zaidi ya kilo mia, uti wa mgongo unatafutwa kwa vidole, si wa kuonekana. Ukikosea unarudia, na ukishindwa kabisa inabidi kumlaza na mashine, na hapo kwa mtu mzito ndipo nisipopataka. Kwa hivyo nikamwambia namtaka mwenye mkono uliozoea. Kuna wawili hapa. Kibet bado ni mgeni, ana mwaka mmoja. Huyu mwingine amefanya kazi hii miaka kumi. Nikamwambia, zaidi ya kilo mia, lazima awe Sylvanus."

Kuna mlango unaofungwa polepole mpaka usijue ni dakika gani ulifungika. Hivyo ndivyo nilivyojisikia kwenye kile kiti.

Sylvanus ni mume wa Mitchel.

Daktari hakujua, kwa sababu mama hakumwambia. Angemwambia nini? Daktari Jelagat ametoka kwa watu wengine, na huenda kwao nako wana mambo yao. Kwetu, mkwe na mama wa mkewe hawashikani mikono. Hawaketi kiti kimoja, hawalali chini ya paa moja. Mama akisikia Sylvanus anakuja hubadilisha leso na kutokea mlango wa nyuma. Miaka tisa tangu waoane, salamu zao hupitia kwa dada yangu. Vijana wa mjini huyacheka mambo haya, hata Mitchel huyacheka, lakini sijawahi kumwona akiyavunja mbele ya mama. Kwa mama kuona uchi wa mkwe, au kuonwa naye, ni jambo la kufungia ukoo mlango.

Kwa hiyo alihesabu. Juu ya mia ni Sylvanus. Chini ya mia ni Kibet, mtoto wa watu asiyemjua. Akaingia nyumbani kwangu, akavua kitambaa cha kichwa, akapanda mizani.

"Sasa kama akipungua," nikauliza, "akifika hiyo chini ya mia, Kibet ataweza?"

"Wiki nane zilizopita ningekuambia labda. Leo hapana. Na damu hii aliyo nayo, na udhaifu huu, simpi mtu anayejifunza. Leo namhitaji Sylvanus kuliko siku ile."

Nilitoka nikaketi kwenye lile lile benchi la nje. Mama alikuwa amejinyima kilo kumi na tano ili amkwepe mtu mmoja, na kila kilo ilimsogeza kwake. Na mimi ndiye niliyekuwa namsomea.

Nilimpigia Mitchel. Anafundisha shule ya msingi, na nilisikia watoto wakikariri nyuma yake. Nilimweleza kwa maneno machache, yaliyobaki sikuweza. Hakupiga kelele kama nilivyotarajia.

"Sylvanus anajua," akasema hatimaye.

"Anajua nini?"

"Aliona jina kwa orodha mwezi jana. Rispa Kageha. Akaja nyumbani, hakula. Nikamuuliza, akasema ni kichwa. Aliniambia baada ya siku tatu, Mide, tena akiangalia dirisha. Angewezaje kusema anajua mama mkwe anaumwa wapi? Mimi nikanyamaza kwa sababu yeye amenyamaza. Halafu jina likatolewa kwa orodha, tukafikiri daktari ameamua kungoja."

"Ni yeye aliyeomba lisogezwe. Alidanganya."

"Mama yetu, mzee wa kanisa." Alicheka kidogo, cheko lililokauka. "Niko na kipindi kimoja. Nikimaliza tunakuja."

"Tunakuja nani?"

Alikuwa amekata.

Nilirudi nyumbani. Mama alikuwa ameketi kwenye kibao karibu na mlango akichambua kunde kwenye sinia, miguu imenyooshwa. Hakuniuliza kwa nini nimetoka kazini mapema. Niliketi upande wa pili wa sinia, nikaanza kuchambua pia. Mara tatu nilifungua kinywa. Mara ya kwanza nikasema kunde hizi ni laini. Mara ya pili nikasema Sista alisema aje na leso mbili na sabuni. Mara ya tatu sikusema chochote, na mama akaniambia, bila kuinua macho, "Wewe na baba yako. Mnatafuna maneno mpaka yanaisha."

"Mama, utaenda kesho?"

"Nitaenda nikifika."

Mvua ya Kakamega haihitaji kualikwa. Saa kumi ilikuwa juu ya mabati, na katikati ya mvua hiyo Mitchel akaingia bila kubisha, viatu mkononi. Nyuma yake, nje, chini ya ukingo wa paa, alisimama Sylvanus na mwavuli mweusi. Hakuvuka kizingiti. Mama aliinuka haraka kuliko nilivyomwona akiinuka kwa miezi, akashika ukuta kwa kizunguzungu, akapita nyuma ya pazia linalogawanya kitanda na chumba. Nikasikia kitanda kikilia.

Chumba changu ni futi kumi kwa kumi. Kutoka mlangoni mpaka kwenye pazia ni hatua nne. Mama hakuwa na mlango wa nyuma wa kutokea.

"Mideva," Sylvanus akasema, akiangalia maji ya mfereji, "mwambie Mama namsalimu."

"Mama, Sylvanus anakusalimu."

"Mwambie nimepokea," likasema pazia. "Mwambie asinyeshewe."

"Sylvanus, Mama anasema usinyeshewe."

"Mwambie niko sawa, kuna ukingo."

"Anasema kuna..."

"Jameni," Mitchel akasema, akijipangusa miguu kwa tambara. "Mtu anunulie hii nyumba spika."

Sylvanus alihamisha mwavuli kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na ulikuwa umefungwa. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye vidole virefu, na wakati huo alikuwa amevikunja vyote kwenye mshikio wa mwavuli kama anavificha.

"Mwambie Mama kwamba mgonjwa huketi," akasema. "Anainama mbele, anakumbatia mto, na sista anamshika mabega. Mimi niko nyuma. Mgongo wote unafunikwa kitambaa cha kijani, kinaachwa kidirisha kidogo, hivi." Alionyesha kwa vidole, akavirudisha haraka. "Akishalala mimi nahamia upande wa kichwa. Hapa kifuani kuna pazia linasimamishwa. Kazi ya daktari iko ng'ambo ya hilo pazia. Huko mimi siendi. Naona uso wake na mashine, basi."

Nikageuka nikaanza kuyarudia. Mgonjwa huketi, nikasema. Anakumbatia mto. Nilifika kwenye kidirisha na mama akanikata.

"Mwambie hicho kidirisha nacho ni mwili."

"Sylvanus, Mama anasema..."

"Nimesikia."

"Mwambie mgongo wangu si wa kuchungulia kwa dirisha. Mwambie una mikunjo. Mwambie atatafuta huo mfupa na hatauona, ataanza kubonyeza. Mkwe abonyeze nyama ya mama wa mke wake. Mwambie anitajie nyumba moja, kutoka hapa mpaka Navakholo, ambayo jambo hilo limefanyika."

Mvua ilipiga. Sylvanus alikuwa amesikia kila neno, kama nilivyosikia mimi, kama walivyosikia labda wapangaji wote wa ploti. Lakini alikuwa ananitazama, akingoja nimpelekee. Na nyuma ya pazia mama naye aliningoja. Hata Mitchel alinitazama. Nilikuwa nimesimama katikati ya hatua zile nne, na niliona kwamba hapo ndipo nimesimama maisha yangu yote, nikichukua neno huku nikilipeleka kule, nikilipunguza makali njiani ili mtu asiumie.

"Sipeleki tena," nikasema.

"Nini?" mama akauliza.

"Sipeleki, Mama. Yuko hapo. Anakusikia." Niliongea nikiangalia pazia, lile la maua ya samawati, sikuthubutu kulisogeza. "Leo nilienda kwa Daktari Jelagat. Najua hakusema upungue. Najua kilo mia uliitoa wapi. Na ule obusuma kwa gazeti niliuona, mwezi jana, nikautupa, sikukuuliza. Nilikuwa naona unaisha na bado nakusomea namba kwa sababu ulikuwa unatabasamu. Mimi nimesomea hii kazi, Mama. Damu yako ni saba. Hata ukifika hiyo chini ya mia, bado atakuwa Sylvanus. Sasa ni yeye zaidi. Ukimkataa yeye, hakuna mwingine, kuna kungoja tu, na hicho kitu hakingoji. Mimi sikupimi tena. Sitaki kukuzika kwa sababu ya adabu."

Nilikuwa sijawahi kuongea maneno mengi hivyo mbele ya watu watatu. Nikaketi juu ya debe la unga. Mitchel alikuwa ameshika mdomo.

Pazia halikusogea. Kisha Sylvanus akafanya jambo ambalo sikutarajia. Aliinama, akaweka mwavuli chini, akatoa mikono yake yote miwili mbele, akaitazama, kana kwamba anamuuliza mtu kwa mara ya kwanza kama inafaa.

"Mimi pia naogopa," akasema. Hakusema "mwambie". "Nimekaa na hilo jina mwezi mzima. Nimetafuta mtu wa kunibadilishia zamu, nikampata. Halafu nikajiuliza, akikosea sindano je? Nitamwangalia mama wa watoto wangu na macho gani? Nikarudisha zamu yangu."

Kitanda kililia. Miguu ya mama ilionekana chini ya pazia, imevimba kidogo vifundoni, ikitafuta ndara. Ilizipata. Kisha pazia likavutwa, si lote, kiasi cha uso. Alikuwa amejifunga kitambaa chake vizuri. Nilikuwa nimezoea kutazama namba miguuni pake, na nikaona sasa jinsi mashavu yalivyoingia, na weupe ulio ndani ya kope zake za chini.

Hakunitazama mimi wala Mitchel. Alitazama mlangoni, moja kwa moja, na Sylvanus kwa adabu akaangusha macho.

"Inua uso, baba," mama akasema. "Utanionaje Alhamisi kama leo huwezi?"

Akainua.

"Nakuonea haya," mama akamwambia. "Kisu sikukiogopa, wala kufa sikukutaka. Ni wewe niliyekuonea haya, wewe na huu mwili wangu, na nimejinyima chakula miezi miwili nikidanganya watoto. Kesho nakuja. Utafute huo mfupa hata kama ni kwa kubonyeza, mimi nitafumba macho. Nataka kuishi."